Nitumie kiungo, ila nisimulie kwanza

Lilianza na neno moja tu. Novemba 2024 kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, yuko Mwanza, aliandika kwenye grupu letu la WhatsApp, "Jamani mwenye kiungo cha ile habari ya ndizi ya ukutani anirushie," na mama mdogo wangu wa Mpwapwa, ambaye anaweza kumaliza wiki mbili bila kuandika kitu zaidi ya "Mbukwenyi" ya asubuhi, salamu yetu ya kigogo, akajibu hapo hapo: "Kiungo gani mwanangu? Iliki ninayo, tangawizi ninayo, binzari imeisha. Hiyo ndizi mnaipikaje ukutani?"

Tulicheka mpaka usiku. Na hakuna aliyemcheka yeye, maana swali lilikuwa la haki kabisa, kwa mtu aliyeanza kupika akiwa na miaka tisa kiungo ni kile kinachoingia kwenye sufuria, haya mambo ya kiungo kuwa maandishi ya bluu unayabonyeza yanakupeleka sehemu nyingine yamekuja juzi tu. Toka siku ile kwenye grupu letu hakuna anayesema linki tena, tunasema kiungo. Mtu akileta kitu kizuri anaambiwa "kimekolea", akileta ambacho kila mtu alishakiona anaambiwa "hiki kimeshatoka harufu".

Lilikuwa grupu la kamati ya harusi. Mnayajua haya magrupu, unaamka asubuhi unakuta umeunganishwa, hujaulizwa, picha ya profaili ni ya maharusi wameshikana mikono pale Nyerere Square, na kila siku saa mbili usiku mweka hazina anapandisha orodha ndefu ya majina na ahadi, aliyemaliza ana alama ya tiki, ambaye hajalipa hana, na wewe unashuka chini polepole kutafuta jina lako huku moyo unadunda. Harusi ya mdogo wangu ikaisha salama, kamati ikavunjwa kwa nyama choma na bia, na kawaida hapo ndo grupu linakufa, watu wanatoka mmoja mmoja kimyakimya. Letu halikufa. Nadhani ni kwa sababu ya kamati ndogo ya chakula, ile ilikuwa na vichwa, walibishana siku nne kuhusu pilau na kuku kabla hata ukumbi haujapatikana, na harusi ilipoisha ubishi wao ulikuwa bado haujaisha. Kwa hiyo ukaendelea. Siku moja mtu akaleta video ya kuku wa Singida anakimbizwa na bibi harusi mwenye shela, kesho yake mwingine akaleta kitu cha Wajapani wanaokuza matikiti ndani ya boksi la kioo mpaka yanakuwa ya mraba kama tofali, basi, tukawa grupu la vichekesho vya msosi bila mtu yeyote kutangaza.

Ile ndizi sasa. Kuna msanii wa Italia anaitwa Maurizio Cattelan, mwaka 2019 kwenye maonyesho ya sanaa Miami, Marekani, alichukua ndizi akaibandika ukutani kwa gundi ya utepe, ile ya kijivu wanayofungia mabomba, akaiita kazi ya sanaa na ikauzwa dola 120,000. Kisha msanii mwingine akaja akaibandua akaila, mbele za watu. Novemba 2024 kazi hiyo hiyo (ndizi mpya bila shaka, unachonunua ni cheti cha kuwa na ruhusa ya kubandika) ikapigwa mnada New York na tajiri mmoja wa mambo ya sarafu za mtandaoni, Justin Sun, akaichukua kwa dola milioni 6.2. Siku chache baadaye akaila Hong Kong mbele ya waandishi wa habari.

Mweka hazina wetu ndo alikuwa wa kwanza kuandika. "Hiyo ni zaidi ya bilioni 15 za kwetu. Hiyo ndizi ni kamati ngapi za harusi?" Na akafanya kweli hesabu, akaiweka, na kila mtu akaanza kupanga angefanya nini, shangazi akasema angenunua mkungu mzima abandike ukuta wote wa nyumba.

Ila siku ya pili kaka wa Mwanza akaleta sehemu iliyobaki ya habari, na mimi ndo hiyo imenikaa. Ile ndizi ilinunuliwa siku ile ile ya mnada kwenye meza ya matunda nje ya jengo la mnada, kwa senti 35. Muuzaji ni mzee mhamiaji kutoka Bangladesh. Mwandishi wa habari alipomfuata kumwambia ndizi yake imeuzwa shilingi ngapi humo ndani, yule mzee alilia. Grupu likanyamaza. Halafu shangazi yangu, anauza nyanya soko la Majengo hapa Dodoma mjini mwaka wa kumi na ngapi sasa, akaandika: "Hata mimi ningelia." Hakuweka hata emoji.

Nawaambia hii mapema ili msinielewe vibaya. Nikisema napenda viungo vya kuchekesha vya chakula simaanishi kupoteza muda. Kichekesho cha chakula kila mara kina mtu nyuma yake, kuna aliyelima, kuna aliyeuza, kuna aliyepika, na ukikifuata vizuri unamfikia.

Lakini kuna shida moja ya kawaida sana ambayo watu wa Dar na wa maofisini wanaisahau, nayo ni bando. Nusu ya watu wa grupu letu wananunua bando la WhatsApp peke yake. Ukiwatumia kiungo wanaona maandishi ya bluu, wakibonyeza kinazunguka, kinazunguka, halafu hakuna kitu. Kwa hiyo unakuta watu kumi wanacheka, hahaha nyingi, na watu ishirini wamekaa nje ya dirisha wanaangalia wenzao wanavyokula. Mama mdogo ndo aliyelisema, kwa voisi, kwa utulivu wake ule: "Wanangu, mnaniletea sahani imefunikwa na mimi sina mkono wa kuifunua. Nisimulieni."

Basi ikawa sheria. Ukileta kiungo, kisimulie. Sio "jamani oneni hii", hapana, kaa chini, bonyeza kipaza sauti, eleza nani alifanya nini, wapi, kikawaje. Na hapo ndo grupu likawa tamu kweli kweli, maana watu wengi hatukujua kuwa ndani ya ukoo kuna wasimuliaji. Shemeji yangu mmoja, fundi umeme, mtu wa maneno matatu kwa siku, ukimpa habari ya chakula anaweza kwenda dakika sita na husikii kuchoka. Kwa kweli kuna viungo ambavyo nilikuwa nimeshavifungua nikasoma mwenyewe kwa kiingereza na sikucheka, nikaja kuvicheka kwenye voisi ya shemeji.

Ile ya Rais wa Iceland kwa mfano. Mwaka 2017 aliyekuwa rais wao, Guðni Jóhannesson, alienda kuongea na wanafunzi wa sekondari, mwanafunzi mmoja akamuuliza habari za pizza yenye nanasi, rais akajibu kuwa angekuwa na mamlaka angepiga marufuku nanasi juu ya pizza. Dunia ikalipuka. Ikabidi atoe ufafanuzi kwamba nanasi analipenda, ila sio kwenye pizza, na kwamba hana mamlaka ya kutunga sheria ya kuwakataza watu na anashukuru kuwa hana, asingependa kuishi kwenye nchi ambayo rais anaweza kukataza kila asichokipenda. Shemeji alivyoisimulia unamwona kabisa yule rais amekaa, jasho linamtoka, anaandika taarifa kwa umma kuhusu nanasi. Na sisi tunaishi Dodoma, mji wa Bunge, taarifa kwa umma tunazifahamu, unapanda bodaboda kwenda Kisasa unapishana na mashangingi njia nzima, kwa hiyo habari ile ilitukuta nyumbani. Watu walijadili uzito wake kabisa, eti hoja ya nanasi ingepelekwa kwenye kamati gani.

Mama mdogo hajawahi kula pizza. Aliuliza, "Ni mkate wenye mboga juu?" Tukasema ndiyo. "Sasa nanasi si tunda, kwa nini liwe mboga?" Na hapo mjadala ukahamia sehemu ambayo mimi naona ndo bora kuliko zote tulizowahi kufika.

Maana kuna kesi. Kesi ya kweli, Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani, mwaka 1893, kati ya Nix na Hedden, na swali lilikuwa: nyanya ni tunda au ni mboga? Sio utani. Sheria yao ya ushuru ya mwaka 1883 ilitoza mboga zinazoingia kutoka nje ila matunda haikuyatoza, Nix na wenzake walikuwa wanaingiza nyanya bandari ya New York, Hedden ndo mkusanya ushuru, akawatoza, wakamshtaki mwaka 1887 warudishiwe hela yao kwa hoja kwamba nyanya kwa elimu ya mimea ni tunda, ina mbegu ndani. Walisoma makamusi mahakamani. Majaji wote wakakubaliana kuwa kwa elimu ya mimea ni tunda kweli, ila kwa lugha ya watu wa kawaida ni mboga, kwa sababu inaliwa pamoja na mlo mkuu na sio mwisho kama kitindamlo. Nix akashindwa.

Nilisimulia mimi hiyo. Nikakaa nasubiri. Shangazi wa Majengo alikuwa sokoni, nasikia kwenye voisi yake mtu nyuma anaita "elfu mbili sado, elfu mbili," akasema: "Kwa hiyo miaka sita wanatafuta nyanya inaliwa na nini? Wangekuja hapa ningewaambia kwa dakika moja."

Na yuko sahihi, fikirini kidogo. Sisi kwenye kiswahili hatujawahi kuwa na shida hiyo. Mtoto anarudi shule anauliza "leo mboga nini?", mama anajibu "nyama", na hakuna mtu anayeshtuka, nyama ni mboga, dagaa ni mboga, maharage ni mboga, maziwa mgando ukiyalia ugali ni mboga. Mboga kwetu ni kazi ambayo chakula kinaifanya mezani, haijalishi kimetoka kwenye mti, kwenye maji au kwenye zizi. Wale majaji wa mwaka 1893 walizunguka na makamusi yao mpaka wakafika pale pale ambapo mtoto wa darasa la kwanza wa Chamwino anaanzia. Hii ilinifurahisha siku nzima. Nilikuwa ofisini nimekaa na mafaili nacheka peke yangu. Shangazi lakini hakuishia hapo, jioni akarudi na hukumu yake mwenyewe: nyanya sio tunda wala mboga, nyanya ni kiungo. Hakuna aliyekata rufaa.

Kuna ya Uingereza pia mwaka 1991, wakaenda kwenye baraza la kodi kubishania vile vitu vinaitwa Jaffa Cakes kama ni keki au biskuti, kisa biskuti yenye chokoleti inalipiwa kodi na keki hailipiwi, na moja ya hoja ilikuwa kwamba keki ikilala inakuwa ngumu ila biskuti ikilala inalainika. Ikashinda keki. Sisi tukapima andazi. Linakuwa gumu. Tukaendelea na maisha.

Sasa sio kila kiungo ni cha kucheka na hili nalisema kwa uchungu. Vile vya tiba navichukia. "Chemsha majani haya unywe siku saba, sukari inaisha kabisa, tuma kwa watu kumi." Mjomba wangu mmoja aliacha vidonge vyake vya sukari karibu wiki mbili kwa sababu ya ujumbe wa namna hiyo, tulikuja kugundua miguu imeshaanza kuvimba. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini toka hapo admini akiona kitu cha "chakula dawa" anafuta bila kuuliza na mimi nasimama naye.

Ndo maana ile habari ya miti ya tambi tulipoipata tuliichukulia kwa makini kuliko wengine wanavyoichukulia. Tarehe 1 Aprili 1957 BBC, kwenye kipindi chao kizito cha Panorama, walionyesha familia huko kusini mwa Uswisi wanavuna tambi kutoka kwenye miti. Wanazichuma zinaning'inia, wanazilaza juani zikauke. Sauti ya msimulizi ni ya Richard Dimbleby, mtangazaji ambaye Waingereza walikuwa wanamwamini, anaeleza kwa utulivu kuwa mwaka huo mavuno ni mazuri kwa sababu baridi haikuwa kali na wale wadudu wanaoharibu tambi karibu wametoweka. Ilikuwa ni siku ya wajinga. Watu walipiga simu, wengine wakitaka kujua wao watapandaje huo mti.

Ukisikia hivyo ni rahisi kuwaona Waingereza wa mwaka 1957 wapumbavu. Ila tambi kwao wakati ule hazikuwa chakula cha kila siku, wengi walizijua za kwenye kopo zimeshawekwa mchuzi, mtu atajuaje? Na grupuni kwetu jioni ile ile, mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi, anakaa Dar, anatumia simu ya mama yake, akauliza kwa voisi, kwa sauti ndogo kabisa: "Mama mdogo wa Mpwapwa, karanga zinaota kwenye mti gani?"

Hakuna aliyecheka. Nilikaa nimeshika simu naomba kimoyomoyo jamani asicheke mtu, na hakucheka mtu. Kesho yake saa moja asubuhi ikaja picha, mkono wa mama mdogo umejaa udongo mwekundu, umeshika shina la karanga limeng'olewa, karanga zinaning'inia huku chini kwenye mizizi. Na voisi: "Mjukuu wangu, huu ndo mti wake, umeinama ukazaa chini." Yule mtoto aliipeleka ile picha shuleni.

Nimeandika yote haya nikiwa nazunguka kitu kimoja, acha sasa nikiseme.

Mwaka jana, binamu yangu wa Dar, kijana mzuri tu na sina ugomvi naye, alileta video ya mtu mmoja maarufu wa mtandaoni, sio wa huku, kapelekewa mlenda na ugali wa uwele. Anachovya, anavuta mkono juu, ule mlenda unafuata kama uzi, anakunja uso, anaita wenzake waone, anauliza hivi hiki ni chakula au ni nini, na chini maelfu ya watu wanacheka, "watu wa Dodoma mna roho", "hiyo si ni kamasi", maneno ambayo sitayarudia yote. Binamu akaweka vile viemoji vya kulia kwa kicheko, sita. Watu wa Dar wakacheka. Wengine wa huku wakacheka pia, na mimi sikucheka ila sikusema kitu, nilikuwa kwenye daladala nikaona nitajibu nikifika. Kabla sijashuka pale Sabasaba ikatokea ile mistari midogo ya kijivu, kwamba mama mdogo ametoka.

Nilimpigia usiku. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, mmelala salama, wazima, watoto wazima. Akaongea mvua, akaongea mbuzi wake amezaa mapacha. Halafu akasema, "Sijakasirika. Ila mimi sikuingia humo ili nitazamwe ninavyokula."

Ukiwa umekulia huku unajua mlenda ni nini. Ni majani yanayochumwa kipindi cha mvua yakiwa mengi, yanakaushwa, yanatwangwa yanakuwa unga, unawekwa, na kiangazi kinapokuja na hakuna jani la kijani hata moja kuanzia hapa mpaka Bahi, mama anachukua huo unga, maji, magadi kidogo, nyanya, karanga za kusaga, anapekecha, na watoto wanakula. Ni akiba. Ni akili ya watu wa nchi kavu wasiosubiri mtu awaletee mboga. Mama mdogo ametulea sisi sita kwa huo mlenda, watatu wake na watatu ambao mama yao alikuwa amelazwa, na mmoja wa hao watatu ndo anayeandika hapa. Kwa hiyo ile video haikuwa ya mlenda, ilikuwa ya mkono wake.

Sikutaka kugombana na binamu. Nilikaa kama siku nne nafikiri, kisha nikaanza kutafuta, maana dunia ni kubwa, haiwezekani sisi peke yetu ndo tuwe na chakula kinachovutika. Na nikapata. Japani wana kitu kinaitwa natto, ni maharage ya soya yamechachushwa mpaka yanatoa ute, asubuhi mtu anachukua vijiti vyake anakoroga, anakoroga, kadiri unavyokoroga nyuzi zinazidi, anaweka haradali na mchuzi wa soya, anamwaga juu ya wali, na akiinua vijiti nyuzi zinafuata mpaka kidevuni. Wanakula tangu enzi za mababu. Wana hadi siku yake, tarehe 10 Julai, kwa sababu kwa kijapani saba na kumi zinaweza kusomeka na-to. Na wana neno lao kwa vyakula vyote vya namna hiyo, neba-neba, na humo kwenye neba-neba kuna natto, kuna viazi vikuu vya kukwaruza, na kuna bamia, ambayo wao wanaiita okura. Kuna watu wameijengea heshima kabisa ile kuvutika.

Sikutuma grupuni kwanza. Nilimpigia mama mdogo nikamsimulia kwa simu, polepole, mpaka vile wanavyozungusha vijiti hewani kukata nyuzi. Alikaa kimya nikadhani laini imekatika. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko chake kinachoanzia mbali. "Huo ni mlenda wa maharage!" Akavuta pumzi. "Wanaweka karanga?" Nikasema sidhani. "Waambie waweke karanga."

Ndo nikaituma grupuni, kwa voisi ya dakika saba, na maneno ya mama mdogo nikayaweka ndani. Binamu alisikiliza. Najua alisikiliza kwa sababu alinipigia pembeni, sauti yake imebadilika, akaniuliza nifanyeje. Nikamwambia mpigie, usiandike. Akapiga. Sijui waliongea nini na sijauliza, ninachojua ni kwamba siku ile jioni admini alimrudisha mama mdogo, na kesho yake asubuhi "Mbukwenyi" ikaja kama kawaida, na chini yake binamu, mtu wa Temeke asiyejua kigogo hata neno, akajibu "Mbukwa mama."

Wakati wa Nanenane alikuja Dodoma kwa kazi zake kwenye mabanda kule Nzuguni, mama mdogo akafunga safari, tukala kwangu Nkuhungu, sinia moja, ugali wa uwele mweusi ule unaoshika, mlenda umewekwa katikati. Alichovya. Ukavutika. Mama mdogo akamshika mkono akamfundisha kuzungusha tonge ili uzi ukatike, na akasema kumbe Wajapani nao wanazungusha hivyo hivyo kwa vijiti, mkono ni ule ule.

Wiki iliyopita ikaingia meseji ya kawaida, sio WhatsApp, namba siijui: mzigo wako uko kwenye basi la Mpwapwa, njoo uchukue stendi saa kumi. Nilikuwa sijaagiza kitu. Nikaenda stendi ya Nanenane, jua kali, kondakta ananitafutia chini ya viti, anatoa kiroba kidogo kimeshonwa kwa uzi wa katani, juu kimeandikwa kwa peni ya maka, herufi kubwa zimepinda kidogo: KIUNGO. Na jina langu.

Nikapiga picha hapo hapo, nimekaa kwenye benchi, nikairusha grupuni. Kaka wa Mwanza akawa wa kwanza.

"Kifungue utusimulie."

Nikabonyeza kipaza sauti, nikaanza kufungua ule uzi.